Juma Lijalo, Yaya

Siku ile darasani tulikuwepo hawa: Sitwayeni Inspekta, aliyetoka mkoani na mkoba wa ngozi, Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, ndani ya abakosti, ile suti ya chama isiyovaliwa tai, iliyombana shingo, Assani, mwalimu wa Kiingereza, mdogo wangu wa tumbo moja, Mzee Lukali, katibu wa shule, aliyekuja kwa sababu hakupenda kusimuliwa mambo, Kibibi, mwanafunzi wa mwaka wa tano, msichana mwenye mdomo, wenzake wa darasa, wale wa Alunguli, ng'ambo ya mto, bado wana maji ya mtumbwi viatuni, na mimi Mwamini, daktilo, yaani mpiga chapa, kwenye benchi la nyuma, vidole vimejaa wino. Rais naye alikuwepo, ukutani, ndani ya fremu, lakini yeye hakuulizwa kitu.

Nimewataja wote ili asije mtu akasema nimetunga. Nitairudia siku hiyo. Kwanza nataka mjue kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnabonyeza neno kwenye simu, likikosewa mnalifuta kama vumbi. Sisi neno likikosewa lilikuwa linatembea mjini.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa mipango ya juma. Wakati ule wa Zaire, kila mwalimu wa sekondari hapa Kindu alitakiwa aonyeshe, kabla juma halijaanza, atafundisha nini, siku gani, kwa swali gani. Prefe akitia sahihi, mwalimu anapewa chaki. Bila sahihi, hakuna chaki. Nilichapa mipango ya hesabu, ya jiografia, ya elimu ya uraia ambayo kila juma ilikuwa ileile. Hiyo yote niliichapa kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, ya jirani. Lakini mpango wa fasihi ya Kiingereza wa mwaka wa tano niliuchapa kwa wivu, na huo ndio ninaoukumbuka mpaka leo.

Mzee Lukali ndiye aliyenifundisha. Alikuwa karani bandarini kabla ya kuja shule, na alichapa kwa vidole viwili tu, vikavu kama vijiti vya mishikaki, wala hakuna aliyemshinda. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya mashine akaniambia:

"Mwamini, daktilo hana maoni. Ana vidole."

"Na akiona mwalimu amekosea, mzee?"

"Anachapa kosa vizuri."

Tulichapa kwenye stensili. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino ili chuma cha herufi kiipige nta uchi na kuitoboa. Baadaye wino unapita kwenye matundu hayo, unazungusha mkono wa roneo, nakala zinatoka. Siri yake ni uzito wa kidole. Ukipiga kwa woga, herufi haionekani. Ukipiga kwa hasira, tumbo la herufi o linakatika na kudondoka, na kila nakala inatoka na doa jeusi mahali pa o. Kwa hiyo mashine ile ilikuwa inamsema mtu. Mzee Lukali alikuwa akiinua stensili kwenye mwanga wa dirisha, anacheka: "Leo nani amekuudhi? O zako zote zimekufa."

Kulikuwa na dawa nyekundu ya kuzibia kosa, inanuka kama rangi ya kucha. Unapaka, unapuliza, unangoja, ndipo unachapa tena juu yake. Wasiokuwa na subira walichapa dawa ikiwa mbichi, herufi ikazama kama mguu kwenye tope. Msimu wa mvua karatasi zilinyonya unyevu wa mto Lualaba zikashikana kama mikate ya wali. Nilizianika kwenye kamba juu ya jiko la makaa, mbali kidogo, maana karibu sana zinajikunja kama majani ya tumbaku. Na ukipata herufi e iliyojaa nta, usiichokonoe kwa sindano. Tumia mti wa kiberiti uliochongwa. Sindano inakwaruza chuma, na e iliyokwaruzwa haiponi. Haya hayatawasaidia chochote leo, lakini nimeyabeba siku nyingi, ngoja niyatue.

Sasa wivu.

Baba alitangulia, mama akafuata. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu Assani na wadogo wengine wawili. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari. Kiingereza kilikuwa kinaanza mwaka wa tatu. Nilikuwa nimekwisha kufunika daftari lake kwa gazeti. Kwenye matanga ya mama, baba mdogo alisema mbele ya mashangazi kwamba hawezi kusomesha watoto wote, atakayesoma ni mmoja. Wote walimtazama Assani, halafu wakanitazama mimi kama ninayeombwa chumvi.

Nikasema: "Basi mimi nainuka. Yeye akae pale nilipokaa."

Assani alikuwa mtoto, amelia mpaka macho yamevimba. Akanishika mkono juu ya mkeka, akaniita kama alivyoniita siku zote, yaya, dada mkubwa, mashangazi wakisikia: "Yaya, nikimaliza nitakurudishia. Yote watakayonisomesha, mimi nitakusomesha wewe."

Hilo ndilo deni. Si pesa, si franga, si zaire, si makuta. Daftari nililolifunika alilichukua yeye, likamtosha.

Alisoma, hakunitia aibu, hilo lazima niliseme. Akaenda mpaka Kisangani akarudi na diploma ya Kiingereza, Prefe akampa mwaka wa tano na wa sita shuleni kwetu. Nikawa nachapa mipango ya mdogo wangu. Nyumbani alikuwa ananiita yaya. Akivuka geti la shule, nilikuwa sitwayeni, yaani raia, kama watu wote wa nchi hii walivyolazimishwa kuitana.

Msidhani nilimchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Nilikuwa nafua abakosti yake Jumamosi, maji yanageuka meupe kwa chaki, na nilikuwa nayatazama yale maji kabla ya kuyamwaga. Niliwaonea wivu wasichana waliogombania kumbebea mkoba. Niliuonea wivu mkoba. Niliwaonea wivu hata watoro waliokimbilia machimbo ya Kama kuchimba dhahabu, kwa sababu benchi zao zilibaki wazi na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia darasa zima likirudia neno kwa pamoja, na kidole changu kinaua o.

Kila Ijumaa alipoleta mpango nilimwuliza: "Assani, deni langu?"

Naye hujibu anacheka: "Juma lijalo, yaya."

Kitabu walichosoma kilikuwa nakala moja tu, ya mwalimu, kilichokaa ndani ya ule mkoba. Wanafunzi walinakili aliyoyaandika ubaoni. Mimi sikukiona ndani. Nilikijua kwa maswali ya mpango, ambayo Assani alikuwa ananitafsiria harakaharaka nikimsumbua. Fikirini basi mtu anayejua hadithi kwa maswali yake tu, bila jibu hata moja. Ni kama kunusa samaki wa Lokandu anayekaangwa nyumba ya jirani, kila juma, na mlango umefungwa.

Nilijua kwamba kuna mji wa baridi kando ya bahari. Kuna mwanamke mshonaji anayeitwa Margaret, amelea ndugu yake Peter, na Peter ni baharia. Nilijua kuna koti. Juma la kwanza: kwa nini Margaret anaanza kushona koti kabla ya baridi kufika? Juma la pili: kwa nini anafumua mkono wa kushoto? Juma la tatu: kwa nini meli ikiingia, Margaret hashuki bandarini? Nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu mpaka Mikelenge na swali kichwani, naligeuzageuza. Kwa nini hashuki? Ana mguu mbaya? Hana viatu? Mimi ningeshuka? Na Kibibi na wenzake, watoto wa watu, walikuwa wamekaa wanaambiwa jibu huku wengine wanasinzia.

Halafu yakaja majina. Mnajua, au waulizeni wazazi wenu, kwamba majina ya ubatizo yalikatazwa, kila mtu akarudi kwenye jina la mababu. Prefe wetu alikuwa mtu wa kushika amri kwa mikono miwili. Ijumaa moja akamwita Assani ofisini kwetu, mpango mkononi.

"Sitwayeni mwalimu, huyu Peter ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi, Sitwayeni Prefe."

"Na Margaret?"

"Dada yake."

"Mimi sitii sahihi karatasi yenye Peter. Inspekta akiiona, mimi njo nitakwenda kueleza."

"Lakini si raia wa Zaire. Ni Mwingereza, tena hayupo."

"Kama hayupo, hatakasirika. Akiingia Kindu afuate sheria ya Kindu. Muwape majina ya kikwetu."

Prefe alipotoka, Mzee Lukali alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Assani akanirushia stensili: "Yaya, weka jina lolote. Jumatatu nina darasa."

Peter nikamwita Tabu. Na yule mwanamke mshonaji, aliyelea ndugu yake asiende kumpokea, nikamwita Mwamini.

Mzee Lukali aliusoma. "Daktilo hana maoni," akasema.

"Nimeambiwa jina lolote, mzee."

"Hm," akasema. Akapeleka kwenye roneo.

Kuanzia hapo nikawa ninafundishwa darasani bila kuwapo. Kupitia ukuta nilisikia: Mwamini hivi, Mwamini vile. Wanafunzi walifurahi, maana walinijua wote. Ni mimi niliyekuwa nawagawia karatasi za mitihani. Wengine wakipita dirishani waliniuliza, "Ma Mwamini, koti imeisha?" Nilijibu, "Bado mkono wa kushoto." Nilikuwa na jina katika hadithi, na bado sikuwa na hadithi. Nikamwonea wivu huyo Mwamini wa kwenye karatasi. Yeye alijua koti linakwenda wapi.

Juma la nne ndilo lililoleta mambo. Kwanza lilikataa kufika. Jumatatu tukaitwa salongo, ile kazi ya lazima ya umma, shule nzima na majembe kufyeka barabara ya uwanja wa ndege. Juma lililofuata akapita mkubwa fulani wa chama, wanafunzi wakafanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za kumpokea mpaka sauti zikakauka, naye akapita na motokaa bila kushusha kioo. Kila mara Prefe alitaka mpango upya wenye tarehe mpya. Nilichapa juma la nne mpaka nikalijua kwa vidole. Hadithi haikusogea, ilisogea tarehe.

Mwishowe stensili ikachoka, ikabidi niichape yote upya, tena asubuhi, kwa sababu habari zilifika kwamba Inspekta ameshuka stesheni na anaanza na darasa la Assani. Assani akasimama nyuma yangu ananisomea kutoka daftari lake, akiongeza sentensi mpya kwa ajili ya Inspekta, jasho linamtoka, anatazama mlangoni.

"Andika: onyesha kwamba Mwamini ni..." na akataja neno la Kiingereza.

"Rudia."

"Zelasi."

Niliandika nilichosikia. Neno la namna hiyo nilikuwa nimewahi kulichapa kwenye mipango yake, nikaliona liko karibu na neno letu la Kifaransa la kila siku, zèle, ile bidii waliyotuhubiria kwenye mikutano: mwanachama awe na zèle, mfanyakazi awe na zèle. Nikaandika zealous. Kumbe kitabu kilisema jealous. La kwanza ni mwenye bidii, la pili ni mwenye wivu. Herufi moja.

Watu walisema kidole kiliteleza. Ninyi mnaojua mashine za Kifaransa mtanielewa: Z iko juu, upande wa kushoto, J iko katikati, upande wa kulia. Kidole cha Kindu hakitelezi umbali huo. Ulimi wa Kindu unateleza.

Prefe aliusoma akiwa amesimama. Alipofika hapo uso ulimng'aa. "Mwamini mwenye bidii! Hii njo fasihi ya kujenga nchi." Akatia sahihi.

Sasa tumerudi siku ile. Inspekta aliketi nyuma, akaomba nakala yake. Nikaikimbiza darasani ikiwa haijakauka. Akaishika, ikamchafua kidole, akaniambia bila kunitazama: "Kaa hapo, pengine nitahitaji nyingine." Pale palikuwa benchi la nyuma, pembeni ya Kibibi. Nikakaa. Mbao zilikuwa na majina yamechongwa kwa kisu. Magoti yangu hayakuenea chini ya meza. Nilikuwa sijakaa benchi la shule tangu matanga ya mama, na nikasahau kabisa kwamba nimekuja kuleta karatasi.

Assani akaanza kwa Kiingereza, sauti nzuri, mabega juu. Kibibi alikuwa ananinong'onezea maana. Assani akauliza Mwamini ni mtu wa namna gani. Mvulana mmoja wa Alunguli akasimama, akajibu kama kwenye mkutano wa chama: Mwamini ana bidii, anashona bila kuchoka, ni mfano kwa taifa. Inspekta akaandika kitu. Prefe akavuta pumzi.

Kibibi akainua mkono. Assani alijifanya hamwoni. Kibibi akasimama hivyohivyo, na kwa kuwa Kiingereza chake hakikumtosha kwa hasira, akageukia Kiswahili.

"Mwalimu, mimi nakataa. Muntu anashona koti ya ndugu yake, halafu meli inaingia, anakataa kushuka kumuona. Ule haiko na bidii. Ule iko na wivu."

"Wivu wa nini?" Inspekta ndiye aliyeuliza.

"Wivu ya bahari, sitwayeni. Ndugu yake anaona bahari. Ye anaona sindano."

Darasa likawa "eee!" Nami nilikuwa natazama majina kwenye mbao.

"Karatasi inasema bidii," akasema Inspekta.

"Karatasi imekosa. Walitaka kuandika lile lingine, la J."

Assani akafungua kitabu. Nilimwona akisoma, nikaona masikio yake yakibadilika. Inspekta akauliza: "Kitabu kinasema nini, sitwayeni mwalimu?"

"Kinasema la J."

"Na hii karatasi ameichapa nani?"

Assani hakunitazama. "Daktilo, Sitwayeni Inspekta. Ni kosa la daktilo."

Daktilo. Alikuwa na neno lingine mdomoni, fupi zaidi, alilolisema asubuhi ileile akinywa chai yangu.

Inspekta akaendelea: "Na huyu Mwamini? Kitabu cha Waingereza kina Mwamini?" Prefe akakohoa. Lakini hakukuwa na haja ya jibu, kwa sababu darasa zima lilikuwa limegeuka nyuma, na mmoja akapasuka, akininyooshea kidole: "Njo ye ule!" Wakacheka wote. Mzee Lukali alikuwa anatazama dari.

Inspekta akanigeukia, mara ya kwanza akanitazama. "Wewe njo Mwamini?"

"Ndiyo, Sitwayeni Inspekta."

"Basi utuambie wewe. Ni bidii ama ni wivu?"

Nilimtazama Mzee Lukali. Daktilo hana maoni. Nikasimama, na magoti yakagonga meza.

"Ni yote mawili, sitwayeni. Ya kwanza inashona, ya pili inafumua."

Walicheka, lakini kidogo. Kibibi alinibana mkono. Ndipo ubishi ukawaka darasani kama kichaka cha kiangazi: wa Alunguli wanatetea bidii, wasichana wanatetea wivu, wanarukia Kiingereza wakikumbuka kwamba kuna Inspekta. Hata waliozoea kusinzia walisimama. Kengele ikalia hakuna aliyetoka.

Inspekta akafunga mkoba, akamshika Assani bega mbele yetu. "Sitwayeni mwalimu, nimeona wengi. Lakini kutia kosa makusudi kwenye mpango ili wanafunzi walitafute wenyewe, hiyo ni mbinu ya mwalimu wa kweli."

Nikasubiri. Prefe akasubiri. Assani akainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante, Sitwayeni Inspekta."

Mmeona? Kosa lilipokuwa baya, lilikuwa la daktilo. Lilipogeuka zuri, likawa la mwalimu. Mzee Lukali aliniambia tukirudi ofisini, "Usichape kitu leo, utatoboa mashine." Nilichapa. O zote za juma lile zilikufa. Mwalimu wa jiografia alipata Lokandu yenye doa jeusi.

Jioni Assani alikuja na samaki mkubwa amefungwa kwenye majani, akamweka mbele yangu.

"Yaya, usinune. Ningesema nini mbele ya Inspekta?"

"Sema tena lile neno."

"Neno gani?"

"La J. Sema."

"Zelasi," akasema. Akajisikia mwenyewe. Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kama alipokuwa mtoto, na mimi, hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu na mimi nilicheka.

"Na deni?"

"Juma lijalo, yaya. Haki ya mama."

Juma lijalo lilipofika, ikaja barua ya kumhamisha. Ripoti ya Inspekta ilikuwa nzuri mno kwa mji wetu. Walimtaka Lubumbashi, kwenye chuo cha kufundisha walimu, akawaonyeshe mbinu ile ya kutia kosa. Juma la tano nilikuwa nimekwisha kulichapa, la mwisho wa kitabu, lina swali moja tu: mwishowe koti lilivaliwa na nani? Halikufundishwa. Mwalimu aliyemrithi alikuja na kitabu chake, cha mambo ya shamba. Cha Assani kilikuwa mkobani, kinasafiri.

Treni iliondoka mchana. Wadogo zetu walikwenda stesheni, walimu, darasa lote la tano na maua ya kuchuma njiani. Mimi nilibaki ofisini. Nilikuwa na stensili kwenye mashine, na nilitaka aje yeye. Barabara ya stesheni inapita mbele ya shule. Kuingia kungemchukua muda wa kupuliza dawa nyekundu ikauke. Nikasikia honi, nikaendelea kuchapa. Baadaye niliambiwa alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, anauliza kila mtu: "Yaya iko wapi? Yaya hayuko?" Aliliita kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, lile neno fupi, siku ambayo sikuwapo kulisikia.

Na stesheni, Kibibi na mdomo wake alimwuliza mwisho wa hadithi. Akamwambia. Pale pale, mguu mmoja ngazini, kwa dakika ya treni kungoja, akamlipa mtoto wa watu deni langu.

Nilichapa mpaka mashine ikazeeka, nikaihudumia mpaka Zaire yenyewe ikabadilishwa jina, nami nikapumzishwa. Mzee Lukali tulimzika ng'ambo ya mto. Mwanawe aliniletea kiberiti chake chenye vijiti vilivyochongwa. Assani hajatusahau. Alisomesha wale wawili wadogo, mmoja baada ya mwingine, na bati lililo juu ya kichwa changu ni lake. Watu wanasema dada gani ana bahati kama wewe. Ni kweli, nami nalipokea bati, nalala chini yake vizuri. Lakini sikumkopesha bati.

Kibibi sasa ni mkuu wa shule hapa Mikelenge, bibi mzima, na mdomo ni uleule. Sikukuu iliyopita alikuja kunisalimu, akakaa, akala, akaniona natazama mbali.

"Ma Mwamini, miaka yote hii. Nikuambie mwisho wa ile koti? Ni maneno machache tu."

"Kibibi, kula."

"Lakini unaumia bure! Mimi nayajua."

"Najua unayajua. Njo maana nasema kula."

"Ungeshuka stesheni ungeyasikia."

"Ungekaa kimya darasani asingehamishwa."

Akacheka mpaka akapaliwa, nikampa maji. Sikumruhusu aseme. Anayelipa deni ni aliyekopa. Jirani akikulipia, umepata zawadi, na deni linabaki palepale.

Vijana, mtu akiwaambia wivu unaula moyo, mwulizeni moyo wangu umeliwaje miaka yote na bado umebaki. Wanasema dawa ya deni ni kulipa. Mdogo wangu ana dawa yake. Kila Ijumaa ananipigia simu kutoka Lubumbashi, ananiuliza miguu, ananiuliza mvua, anakohoa. Na yeye amezeeka, meno ya mbele hana, herufi ya J ndiyo imempotea kabisa. Namwacha amalize. Halafu namwuliza.

"Assani, koti lilivaliwa na nani?"

"Ee yaya, hiyo si ya kwenye simu. Nitapanda treni nije tukae chini, nikusomee yote, toka mwanzo."

"Lini?"

Nalisikia lile jibu la kila Ijumaa likija kabla hajalisema, na nimekwisha kumfutia kiti vumbi.